Nyumba Hulindwa na Jirani Kabla ya Kufuli

Sisi watu wa pwani tuliokuja kukaa Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya tuna desturi moja. Tunapotafuta nyumba ya kupanga, swali la kwanza tumwulizalo mwenye nyumba haliwi la maji wala la choo, huwa ni la vyuma vya madirisha. La pili ni kama mlango ni wa chuma au wa mbao. Tukishahamia twanunua kufuli, tena nyingi. Lakini mtu akitupitia baada ya mwaka mzima akatuuliza jina la mtu alalaye upande wa pili wa ukuta, wengi wetu tutababaika.

Mimi nimekaa Nyeri tangu mwaka 1994, nilipotoka Kibokoni, Mombasa, kwa shughuli za duka. Katika muda huo nimewasikia wazazi wengi wa pwani wakiwausia watoto wao wanaokuja huku kwa kazi ya serikali, kwa biashara au kwa masomo: "Jifungie mapema mwanangu, na usizoeane na watu. Huko bara kuna wezi." Nusu ya kwanza ya wasia huu ni nzuri sana. Nusu ya pili ndiyo niliyoikusudia leo, kwani naona ndiyo imfunguliayo mwizi mlango ambao ile ya kwanza imeufunga.

Asije mtu akadhani kwamba naidharau kufuli. Dini yetu yenyewe imeagiza milango ifungwe usiku. Ipo hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Jabir bin Abdillahi, ambamo Mtume (S.A.W.) ameamrisha kwamba usiku uingiapo milango ifungwe kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, vyombo vifunikwe na taa zizimwe. Na wanazuoni wa fiqhi, walipoizungumza adhabu ya mwizi, waliweka sharti ambalo watu wengi hulisahau: mali iwe imechukuliwa kutoka mahali pa hifadhi, pale wapaitapo hirzi. Mali iliyoachwa ovyo njiani hukumu yake si moja na ya mali iliyofungiwa ndani. Tena hifadhi hiyo hupimwa kwa aina ya mali na kwa desturi ya watu wa mahali. Hifadhi ya dhahabu si hifadhi ya kuni. Basi mwenye mali naye ana wajibu wake kabla hajamlaumu mwizi, na katika wajibu huo mna kuijua desturi ya mahali anapokaa. Hili ndilo litushindalo sisi wageni.

Kwani desturi ya ulinzi tuliyokuja nayo ni ya mji wa mawe. Chukua Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta ni nene, vichochoro ni vyembamba, na nyumba zimeegemeana. Kule Lamu nyingine zimeunganishwa kwa juu na wikio, hata mtu akavuka kutoka nyumba hii hadi ile pasipo kukanyaga njia. Mlango ni wa mbao nzito, na mbele yake pana daka au baraza. Wageni husifu nakshi za milango hiyo na kuipiga picha, lakini mlinzi wa nyumba hakuwa mlango. Mlinzi alikuwa yule mzee aketiye barazani tangu alasiri mpaka isha, na yule bibi aliye dirishani juu ambaye wewe humwoni lakini yeye akuona. Mtu asiyejulikana hakuweza kukimaliza kichochoro kizima bila kusalimiwa mara tatu na kuulizwa amtafuta nani. Joto nalo lilisaidia, maana hakuna aliyependa kujifungia ndani mapema.

Sasa ichukue desturi hiyo uipandishe Nyeri. Mji uko juu sana, baridi ya mwezi wa Julai hupenya mfupani, na ukungu ukishuka kutoka milima ya Nyandarua hata taa ya jirani huioni. Ifikapo saa moja ya usiku kila mtu yuko ndani na mlango umefungwa. Hakuna wa kukaa barazani, na baraza zenyewe hazikujengwa. Nyumba nyingi ni za mbao na paa la mabati, na mvua ya masika ianzapo kulipiga bati, ukiita kwa sauti aliye chumba cha pili hakusikii. Mwizi wa huku aujua wakati huo kuliko mwenye nyumba. Wala haji na nyundo ya kuvunjia kufuli. Huja na bisibisi akafungua skurubu za ile bati inayoshika kufuli, au akang'oa ubao mmoja wa ukuta wa nyuma, na asubuhi kufuli yako waikuta imefungwa vilevile, inang'aa. (Kwa hiyo mwenye kuweka kufuli na aishikize kwa bolti zinazopenya mlango na kukazwa kwa ndani. Bolti hizo zina faida kuliko kufuli ya tatu.)

Wenyeji wetu walikuwa na njia yao, nayo yafaa tuijue. Mkikuyu wa zamani hakukaa mjini. Boma lake lilizungushiwa ua, ndani mkiwa na thingira ya mume na nyumba ya kila mke, na mbuzi na kondoo walilala humo humo katika nyumba ya mke pamoja na watu. Mzee Jomo Kenyatta aliyaeleza maisha hayo kwa kirefu katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Mwizi wa mbuzi alipaswa kwanza ampite mwenye mbuzi. Na lilipotokea jambo, mtu alipiga mbu, yaani ukunga, na kila aliyesikia katika mgongo ule wa kilima ilimlazimu atoke.

Hata leo ua wa kaiyaba, ule mti wenye miiba mirefu, waonekana katika mashamba mengi ya huku, nami nauamini kuliko ukuta wa mawe uliopandwa vigae vya chupa juu yake. Ukuta mrefu, mwizi akishauruka, humsitiri yeye. Apitaye njiani hajui lililo ndani. Kaiyaba haupenyeki, na ukikatwa kimo cha kifua jirani auona uwanja wako wote.

Mambo hayo yalivurugwa na Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja katika makao yao, ikawasonga katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa seng'enge na mahandaki yenye vigingi vilivyochongwa. Wakubwa walisema vijiji vile ni kwa ajili ya kuwalinda watu. Wazee wa Nyeri niliozungumza nao hawakunieleza hata mara moja kwamba handaki lile lilikuwa ulinzi. Husema walilichimba kwa mikono yao wenyewe ili wao wasitoke. Langoni walisimama wale Home Guard, ambao watu waliwaita ngati, na aliyeogopwa usiku mara nyingi alikuwa huyo huyo mlinzi. Halafu mashamba yakapimwa upya na kuunganishwa, wengi wakatoka vijijini wakajenga kila mmoja katikati ya shamba lake, na mbu ya jirani ikawa yatoka mbali. Nayataja haya kwa sababu mtu mzima wa huku akiambiwa habari ya kulindwa ana kumbukumbu zake, na tusimshangae akisitasita.

Nirudi mjini. Miaka kadhaa iliyopita katika mtaa wetu alikaa kijana mmoja wa kutoka Malindi, mfanyakazi wa ofisi. Nyumba yake ilikuwa kama gereza: vyuma madirishani, geti mbele ya mlango, kufuli tatu. Alitoka asubuhi akarudi magharibi, na salamu yake kwa watu ilikuwa ya kutikisa kichwa tu. Siku moja mchana kweupe likaja pikapu na vijana watatu waliovaa maovaroli. Wakazifungua kufuli kwa utulivu, moja baada ya nyingine, wakatoa televisheni, magodoro na friji. Friji ikawalemea. Wakamwita mama auzaye mboga pembeni pale, yeye na mwanawe, waje wawasaidie kuinyanyua. Nao wakasaidia, wakashukuriwa sana. Kijana aliporudi jioni akalia kama mtoto, akawalaumu watu wote wa mtaa. Yule mama akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia: "Kijana wangu, mimi nilidhani unahama. Ulipohamia hukuniambia, sasa ningetarajia uniage?"

Kwa sheria ya Kenya, huo haukuwa hata ule wizi mkubwa wa kuvunja nyumba usiku. Sheria ya Adhabu huuhesabu usiku kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni mpaka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Avunjaye nyumba ndani ya saa hizo aweza kufungwa hata miaka 10, na yule wa mchana miaka 7. Wezi wa mjini nadhani wameisoma sheria hiyo, maana wapenda mchana.

Juu ya hayo, chuma kina hatari nyingine ambayo sisi watu wa pwani hatukupaswa kuisahau. Mwezi wa Machi 1998 moto ulizuka katika bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, huko huko kwetu, wakafa wasichana 26. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wakafa wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos. Katika misiba hiyo vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa viliwazuia watoto kutoka. Ndiyo sababu masharti ya usalama wa shule yaliyotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 yalisema madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Na Nyeri yenyewe imekwisha kuujua moto wa usiku: Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la shule ya Hillside Endarasha. Lakini sheria ya mabweni haijaingia katika nyumba zetu. Waziri hawezi kuja kulala kwako. Mimi nikimtembelea mtu nikaona kufuli tatu kwa ndani, humwuliza ufunguo huwekwa wapi usiku, na jibu nilipatalo aghalabu ni kwamba baba alala nao chini ya mto. Sasa moto ukianzia chumba cha baba, hao watoto watatoka wapi? Ufunguo na utundikwe mahali ambapo mtoto wa miaka saba aweza kuufikia gizani na ambapo mkono upitao dirishani hauwezi. Dirisha moja katika kila nyumba liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani. Mafundi wa kuchomelea walioko Nyeri waijua kazi hiyo, bora waambiwe.

Na kwa kuwa tumetaja kujifungia, kuna hili la jiko la makaa. Mtu hufunga madirisha yote kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya wezi, akaingiza jiko ndani lipashe joto, akalala. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwamsha mtu, na watu wamekufa hivyo, familia nzima. Mwizi angalau huacha roho mara nyingi.

Habari ya mbwa niipitie upesi, ingawa najua ina ubishi. Huku kila nyumba ina mbwa, na sisi hutupa tabu. Najisi yake twaijua, na kuosha mara saba twakujua. Lakini hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim zimemtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wapo wanazuoni wakubwa wa Kishafi waliomkisia kwa hao mbwa wa kulinda nyumba. Mwenye dhiki ya wezi na amwulize shehe wake, asijiharamishie wala kujihalalishia peke yake. Mimi sifugi. Lakini mbwa wa jirani yangu nampelekea mifupa, na ananijua. Neno langu moja kwa wafugaji wa mjini ni kwamba mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, alishwe, na asiachiwe barabarani saa kumi na moja alfajiri. Sisi twendao msikitini saa hizo tumekwisha kuwajua mbwa wote wa mtaa kwa sauti zao.

Saa hizo za msikiti ndizo zenye siri kubwa, nazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Nyumba ya Mwislamu katika mji kama Nyeri ni nyumba yenye ratiba. Ijumaa tangu saa sita unusu mpaka saa nane wanaume hawapo. Mwezi mzima wa Ramadhani, baada ya isha, pengine baba, mama na watoto wote wako katika tarawehe, na nyumba ni tupu kwa saa nzima na zaidi, kila usiku, saa ile ile. Idd ikikaribia tunaonekana stendi na mizigo tukipanda magari ya kuteremka pwani, na kila mtu ajua hatutarudi kabla ya wiki. Mwizi hahitaji kutuchunguza. Kalenda yetu imetundikwa kila mahali. Na yule aliyefanikiwa mara moja hurudi, kwani njia ameijua na ajua utanunua televisheni nyingine.

Mbele ya hayo wapo watubandikao karatasi za dua mlangoni wakaona wamemaliza. Siwakatazi watu dua, nami mwenyewe silali bila ya Ayatul Kursiyyu. Lakini hebu tukikumbuke kisa chenyewe cha aya hiyo kama kilivyo katika Bukhari. Abu Huraira alikuwa amewekwa alinde chakula cha zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu akawa achota, akamkamata. Mtu akalalamika kuwa ni fakiri mwenye watoto, akamwacha. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba atarudi, na kweli akarudi, na usiku wa tatu akarudi tena, ndipo alipomfundisha kuisoma aya ile alalapo. Aya hiyo, basi, ilifundishwa kwa mtu aliyekuwa macho, amekaa penye mali, na mwizi amemshika mkononi. Haikufundishwa kwa mtu aliyeiacha nyumba bila kumwambia yeyote.

Sasa jirani yangu wa kulia ni Mkikuyu, mzee wa kanisa. Nyumba yake nayo ina ratiba: Jumapili tangu saa tatu mpaka saa saba hayumo mtu, na Krismasi wote huenda kwa wazazi wao kijijini Mukurweini. Zamani sana tulikuwa tukisalimiana tu. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Ramadhani, nikamwendea nikamwambia, "Mzee, mwezi huu kuanzia saa mbili za usiku sisi hatupo." Akanitazama kwa muda, akasema, "Na sisi Jumapili hatupo. Unafikiri hatujui kwamba nyinyi mpo?" Tangu siku ile hatukuandikiana mkataba wowote. Tarawehe zikiwapo, taa ya nje ya nyumba yake huwaka mpaka turudi, na mmoja wa wanawe hukaa na mlango wazi kidogo, baridi ijapokuwa kali. Jumapili mimi huweka kiti changu mbele ya duka mahali ambapo malango yote mawili nayaona. Namba zake za simu ninazo, na za mkewe, na za yule anayewaletea maziwa. Mgeni akija kwake namwuliza, na wageni wangu huulizwa vivyo hivyo. Binamu yangu aliyekuja kutoka Kisauni alikasirika sana kwa kuhojiwa na mtoto wa darasa la sita. Mimi nilifurahi.

Wako watakaoniuliza: je, kama jirani mwenyewe ndiye mwizi? Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli. Lakini hesabu vizuri ni nani ajuaye mambo ya ndani ya nyumba yako. Ni fundi aliyeweka kitasa na kubaki na ufunguo mmoja, ni msaidizi uliyemfukuza bila kumlipa, ni rafiki wa mwanao. Jirani usiyemzungumzia hajui kitu, na kwa sababu hiyo hana cha kukusaidia. Na huyo jirani wa bara naye ana wasia wake alioachiwa na wazazi kuhusu Waswahili, wala si wa kutusifu.

Lakini ujirani nao una mpaka wake, na mpaka huo eneo hili limeulipia kwa damu. Mungiki walipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 walijiita watu wa kurudisha mila. Baadaye wakawa wa kutoza: wakatoza matatu, wakatoza maduka, na katika sehemu nyingi wakatoza hata nyumba za watu fedha waliyoiita ya ulinzi. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2002 nalo likaendelea. Mwaka 2009 wananchi wa Kirinyaga wakachoka. Wakaunda makundi yao wenyewe, wakawasaka waliowadhania kuwa wafuasi na kuwaua, pasipo mahakama wala shahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili 2009 kikaja kisasi katika kijiji cha Gathaithi, Mathira, karibu na mji wa Karatina. Walikuja na mapanga na mashoka, na kulipokucha watu wapatao 29 walikuwa wamekufa.

Gathaithi si mbali na ninapokaa. Nakumbuka maduka ya Karatina yalivyofungwa, na nakumbuka sura za watu. Kilichonitisha ni kwamba pande zote mbili zilitumia neno lile lile, ulinzi. Anayekuja mlangoni kukudai pesa ili usivamiwe amekwisha kukuvamia. Na kundi la mtaa linalomwua mtu kwa sababu mmoja amepiga kelele ya "Mwizi!" halitakuwa na kazi ya kufanya siku wezi watakapokwisha, litajitafutia. Nimewaona vijana wa dini yetu nao wakikimbilia mawe ikisikika kelele hiyo. Wajue kwamba hata hiyo adhabu ya mwizi tuisomayo katika vitabu ina mashahidi wake, ina masharti yake, na ni ya hakimu. Sheria ya Kenya nayo haimruhusu mtu kumwua mwizi aliyekwisha kushikwa.

Lipo jambo la mwisho lenye kutuhusu sisi hasa. Septemba 2013, Westgate ya Nairobi iliposhambuliwa, serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, jina na mfano uliotoka Tanzania ambako TANU iliweka wajumbe wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960. Waislamu wengi wa miji ya huku waliuona mpango huo kuwa ni wa kuwapeleleza, na sababu walikuwa nayo, kwani Aprili 2014 walitiwa mbaroni maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu wa kanzu akiingia mtaa mgeni alitazamwa kwa jicho ambalo kila mmoja wetu alilijua. Basi wengi hawakuhudhuria vikao. Siwalaumu kwa hofu yao. Nawalaumu kwa matokeo yake: vikao vilifanyika vilevile, na habari zetu zilisemwa tusipokuwapo. Jirani asiyekuja kikaoni huandikwa na wengine.

Katika mtaa wetu sasa tunazungumzia ulinzi wa zamu na filimbi, baada ya nyumba mbili kung'olewa mbao za nyuma wakati wa mvua. Mimi ni miongoni mwa wanaoutaka, kwa masharti ambayo nimeyasema kikaoni na nayasema hapa. Majina ya walinzi yote yaandikwe, yabandikwe kwa chifu, kanisani na msikitini. Asiyekuwa na pesa atoe zamu, na asidaiwe mtu mlangoni usiku. Wasibebe panga. Atakayeshikwa apelekwe kituo cha polisi akiwa hai, na wawili waliomshika waende naye waandike maelezo. Vijana wawili hawakupendezwa na sharti la panga, tukabishana mpaka chai ikapoa. Filimbi zimekwisha kununuliwa, ziko kwangu dukani ndani ya kikapu. Orodha bado, na kutoka nyumba za Waislamu ni majina manne tu yaliyoandikwa mpaka leo, nasi tu nyumba kumi na moja.